Milango Miwili au Minne

Mutanu alipomwona Osewe akiingia getini kwa Jumamosi ya nne mfululizo, alimnong'oneza mwenzake wa ofisini, "Bwana harusi ashafika." Wakacheka. Kisha akavaa tabasamu lake la kazi, akachukua funguo mbili ukutani na kutoka nje. Alikuwa ameuza magari katika yadi hiyo ya barabara ya Ngong kwa miaka minane. Aliwazoea wanaopiga magurudumu mateke, wanaouliza bei na kutoweka, na wanaokuja na mchungaji aiombee injini. Lakini mtu wa kushindwa kuchagua kati ya pikapu mbili kwa mwezi mzima, huyo alikuwa hajakutana naye.

"Mzee, leo unabeba gani?"

"Wacha niziangalie tu kidogo."

"Aki hata hizi gari zimeanza kukujua."

Pikapu zenyewe zilikuwa za kiasi, si zile ndogo za kusambazia mikate wala si malori. Zote za dizeli, na zote zilikuwa na ule mkono wa pili wa gia unaoamrisha magurudumu yote manne yavute pamoja gari likiingia matopeni. Moja nyeupe, singo kebini: milango miwili, viti viwili, na bodi ndefu nyuma ya kupakia mizigo. Nyingine ya kijivu, dabo kebini: milango minne, kiti cha nyuma cha watu watatu, na bodi iliyofupishwa ili kukipisha hicho kiti.

Sasa, Osewe ni fundi wa paa. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameezeka nyumba za watu kuanzia Kiserian hadi ndani kabisa ya Kajiado, kule ambako mvua ikinyesha udongo mweusi hushika gurudumu na kukataa kuliachilia. Mbao zake ni ndefu, mabati yake ni marefu, na kila wiki hukodi gari la mtu mwingine kuyabeba. Fundi wa paa anayejitafutia gari hana la kujiuliza. Bodi ndefu ndiyo kazi yake. Pesa zilikuwa tayari benki, na ile nyeupe ilikuwa imesimama pale inamngoja. Lakini mtu mzima wa miaka arobaini na saba alikuwa anazunguka dabo kebini, anafungua mlango wa nyuma, anaufunga, anaufungua tena.

Siku hiyo alikuja na Shivachi, makanika wa Kawangware ambaye watu humchukua wakienda kununua gari ili wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Shivachi hakuwa na haraka wala maneno matamu. Alilala chali chini ya kila pikapu na tochi, akaikwaruza chesisi kwa bisibisi kutafuta kutu, akanusa mafuta, akawasha injini na kusikiliza huku amefumba macho. Alipotoka huko chini alijipangusa mgongo.

"Zote ziko fiti," alisema. "Zote zitapanda mawe, zitavuka matope. Sasa ni kazi tu. Hii nyeupe springi zake ni ngumu, itakurusha kidogo ukiwa huna mzigo, lakini ukiweka mbao inatulia. Hii ingine ni laini, ni ya starehe, lakini mbao zitatoka nje kama ulimi wa mbwa. Kila siku utakuwa unafunga kitambaa nyekundu huko nyuma. Chukua singo, Osewe, twende tukakule."

"Na hii ya viti vingi ikibeba watu?"

"Watu gani?"

Osewe alijifanya anaangalia tairi. Shivachi, ambaye anamjua tangu zamani, alilielewa hilo jibu, na hakuuliza tena.

Osewe anaishi peke yake katika mtaa wa Kisumu Ndogo, humuhumu Nairobi, katika chumba kimoja cha mabati nyuma ya baa na mbele ya kanisa. Hana ugomvi na mtu. Ana majirani kila upande, wanaosikia akikohoa. Lakini kulikuwa na siku zilizopita, nyingi tu, ambapo neno refu zaidi alilomwambia mtu baada ya kutoka kazini lilikuwa "ongeza ugali." Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Ndiyo sababu habari ya pikapu ilimfaa sana. Tangu aanze kuuliza, alikuwa na maneno. Alimuuliza kinyozi wake, naye kinyozi akamshikilia kwenye kiti nusu saa akimweleza habari za binamu yake aliyepindua pikapu Narok. Aliwauliza wanaume wa kwaya baada ya ibada, wakagawanyika pande mbili na nusura wagombane. Alimuuliza Aoko, mama anayemuuzia omena, dagaa wa ziwani.

"Chukua hiyo ya milango mingi," Aoko alimwambia akifunga omena kwenye gazeti. "Utatubeba tukienda harusi. Hiyo ingine ni ya nini? Wewe na nani?"

Kila mtu aliuliza hilohilo, wewe na nani, na hakuna aliyelisema kwa ubaya. Osewe alicheka, akachukua omena zake akaenda kuzikaanga. Alijua kwamba siku atakayonunua gari, maswali yatakwisha na watu watarudi kwa shughuli zao. Lakini hiyo haikuwa sababu kubwa ya kuchelewa. Sababu kubwa ilikuwa Kawangware, na jina lake lilikuwa Christine.

Christine ni mke wake. Aliondoka miaka sita iliyopita na mtoto wao Vincent, akapanga chumba Kawangware, akaweka cherehani barazani na kuanza kushona sare za shule. Kutoka Kisumu Ndogo hadi kwake ni mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima huumaliza kwa saa moja na nusu. Osewe hakuwahi kwenda. Alikuwa na hoja yake, na aliitunza vizuri. Mke akikasirika akarudi kwao, alisema, unajua la kufanya: unachukua wazee, unaenda kwa wazee wenzao, mnakaa, mnazungumza, anarudi. Lakini mke aliyeenda kupanga chumba mjini umfuate kwa nani? Mwenye nyumba? Chumba cha kupanga hakina wazee. Aliisema hoja hiyo kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kisha akarudi kulala peke yake.

Mwaka huu hoja hiyo ilianza kumkaba. Kwao, kule Sindo kando ya ziwa, yeye ndiye kifungua mimba, na kifungua mimba ndiye hutoka kwanza katika boma la baba na kuanzisha boma lake mwenyewe, dala. Wadogo zake hawawezi kumruka. Na dala haianzishwi hivi hivi tu. Alfajiri ya siku hiyo mzee wa ukoo hutangulia, mwenye boma hufuata, mwanawe wa kwanza akiwa na shoka na jogoo, na mke wake akiwa amebeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyohiyo na kuezekwa kabla jua halijatua, kwa maana usiku mume na mke lazima walale ndani yake. Bila mke hakuna dala. Unaweza kujenga ghorofa ukitaka, lakini hapo hujahama.

"Brathe, umetuzibia njia," mdogo wake Oyoo alimwambia kwa simu. "Watoto wangu wanaota ndevu kwa boma ya babu yao. Mwezi wa nane wa kujenga umefika. Ongea na mama Vincent. Kama ni kuomba msamaha, omba."

Vincent, ambaye sasa ana miaka ishirini na mitatu na anachomelea mageti Kawangware, hakuwa na shida. "Shoka nitabeba, baba," alimwambia. "Lakini mambo ya maza, hiyo ongea na yeye mwenyewe. Mimi msinitume."

Basi ndipo ile dabo kebini ilipopata uzito. Osewe alikuwa amekwisha kuwapanga wote ndani yake. Yeye kwenye usukani. Christine kando yake. Nyuma, baba yake mdogo ambaye ndiye mzee wa kutangulia, Vincent, na jogoo katikati yao amefungwa miguu. Mabati juu ya bodi. Katika mawazo yake gari hilo lilikuwa linaondoka Nairobi usiku na kufika Sindo kukipambazuka, na hakuna aliyekuwa amenuna. Jambo lililobaki lilikuwa moja tu: Christine akubali kuingia. Osewe alishawishika kabisa kwamba akiliona, ataingia.

Jumamosi hiyo Shivachi alipoondoka, Osewe alimwomba Mutanu amruhusu kuliendesha lile la kijivu mpaka Kawangware na kurudi.

"Twende, lakini gari haitoki hapa bila mimi," alisema Mutanu, akapanda nyuma na mkoba wake. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuketi katika kile kiti alikuwa muuzaji.

Christine alikuwa kwenye cherehani, miwani imeteremka puani, anashona kola ya shati la kijani. Alimwona mumewe akishuka kwenye gari na hakusimama mara moja. Alimaliza mshono, akakata uzi, ndipo akatoka barazani, shati begani. Alikuwa amenenepa kidogo na ilimpendeza. Osewe alisahau maneno yote aliyokuja nayo. Mutanu, ambaye hakuwa mjinga, alikumbuka ghafla kwamba ana njaa, akaenda kutafuta mahindi ya kuchoma.

"Umenunua?" Christine aliuliza.

"Bado. Nilitaka uione kwanza."

"Kwani mimi najua gari?"

Hata hivyo alilizunguka. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akabonyeza kiti kwa kiganja, akakipapasa kama anavyopapasa vitambaa dukani. "Kitambaa ni kizuri," alisema. Moyo wa Osewe ulipanda. Ulipanda mno, na hapo ndipo alipoharibu.

"Inapanda popote hii," alisema haraka haraka. "Matope, mawe, inapita. Ukivuta hiyo gia, magurudumu yote yanasukuma. Hata ile kona ya kwenu Gwassi. Siku ile ningekuwa na hii, Mama Vincent, ningefika."

Mkono wa Christine ulisimama juu ya kiti. "Siku gani?"

Alijua ni siku gani. Wote wawili walijua. Mama yake Christine alizikwa kilimani Gwassi, msimu wa mvua, na mkwe wake hakuonekana. Kwa watu wao hilo si jambo dogo. Osewe alikuwa amelieleza mara nyingi, kwa kinyozi, kwa kwaya, kwa nduguze, na maelezo yalikuwa mafupi: gari lilikwama. Walikuwa katika gari dogo la kukodi, barabara ikawa matope matupu, likazama kwenye kona ya mwisho, kilomita tatu tu kabla ya boma. Kila aliyesikia alitikisa kichwa na kulaumu barabara. Kwa miaka sita Osewe naye alilaumu barabara, na kwa miaka sita aliweka akiba ya kununua gari lisilokwama.

"Ndani ya hiyo gari mlikuwa wangapi?" Christine aliuliza.

"Si unajua. Watano."

"Nitajie."

"Dereva. Mimi. Shangazi zako wawili. Na yule mama wa kanisa."

"Na walifika wangapi?"

Osewe alianza kufuta vumbi kwenye kioo cha gari kwa kiganja.

"Walifika wote wanne, Baba Vincent. Dereva aliacha gari yake hapo kwa matope akakuja. Shangazi na ule mguu wake mbaya alikuja. Aliingia na matope mpaka hapa." Alijigusa pajani. "Akanishika, akaniambia, bwanako yuko nyuma anakuja. Nikakungoja. Tukachelewesha jeneza saa nzima. Wanaume wakaanza kunong'onezana, mpaka ndugu yangu Dalmas akasema, jamani fukieni. Halafu miaka sita mimi nasikia tu gari lilikwama. Najua lilikwama. Wewe ulirudi."

Angeweza kusema tena kwamba alirudi Sindo kutafuta trekta. Alikuwa amelisema sana, hata yeye alikuwa karibu kuliamini. Lakini Christine alikuwa anamwangalia bila hasira, na hilo lilimvunja nguvu.

"Sikuwa nimepata ng'ombe," alisema. "Mkwe anaenda matanga kwa mama mkwe bila ng'ombe. Halafu bila gari. Ningeingia kwenu mbele ya watu wote kwa miguu, viatu mkononi, matope mwili mzima, kama nani?"

"Kama mtu amefiwa," Christine alisema.

Pikipiki ilipita ikipiga honi. Christine alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa shati alilokuwa analishona.

"Sikutaka ng'ombe. Nilitaka mtu wa kusimama na mimi hapo kwa shimo. Najua umeletwa na hiyo dala, na siendi. Mwambie Oyoo nimesema pole, si yeye alinikosea." Aliufunga mlango wa nyuma taratibu, kama mtu anayeondoka chumbani ambamo kuna mgonjwa amelala. "Gari ni nzuri. Rudisha kabla huyo dada hajakuona umekawia."

Walirudi yadini. Mutanu alikula mahindi yake kule nyuma punje moja moja, na kwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima hakuwa na utani wa kumtania. Osewe alishuka, akampa funguo.

"Nitachukua nyeupe," alisema.

"Mzee, uko sure? Na hii?"

"Hii iuze kwa mtu mwenye watu."

Alitia saini karatasi palepale, na Jumatatu alibeba mbao zake mwenyewe hadi Kiserian. Shivachi alisema kweli: gari likiwa na mzigo lilitulia, likiwa tupu lilimrusha. Alipokuwa anarudi jioni likiwa tupu, koti lake lilidunda juu ya kiti cha pili njia nzima, na Osewe aliliangalia mara nyingi kuliko ilivyofaa dereva. Kisumu Ndogo watu walilisifu gari siku mbili. Aoko alisema limeng'ara. Siku ya tatu hakuna aliyeuliza kitu, na upweke wake ukarudi mahali pake. Safari hii hakuwa na swali la kuuficha.

Mwisho wa mwezi wa nane alienda Sindo peke yake. Aliketi na baba mdogo na Oyoo, akawaambia Christine haji, na kwamba kosa ni lake yeye, si la Christine. Aliwaomba wazee watafute namna ya kumpisha Oyoo ili asizeekee pale kwa sababu ya kaka yake. Baba mdogo alifoka sana. Alimwambia mwanamume anayekiri kushindwa na mke mbele ya mdogo wake amejivua nguo. Oyoo ndiye aliyetakiwa kufurahi, lakini aliangalia chini, na alipomsindikiza kaka yake kulala alisema tu, "Pole, brathe." Osewe alilala katika nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la baba yake.

Asubuhi aliwasha gari akashika barabara ya Gwassi. Ulikuwa wakati wa kiangazi na vumbi lilikuwa jingi. Alipofika kwenye ile kona, aliona kwamba hata lile gari dogo la siku ile lingepita leo bila taabu. Pikapu yake ingepanda bila hata kuguswa ule mkono wa pili wa gia. Aliegesha gari kando, akazima injini, akafunga milango yote miwili, na kuanza kutembea.

Kijana mmoja wa bodaboda alisimama kando yake. "Mzee, imekufa?"

"Iko sawa."

"Sasa mbona unatembea?"

Osewe alimpungia mkono aende zake. Kilomita tatu za mlima si mchezo kwa mtu anayeshinda juu ya mapaa lakini hatembei. Alipumzika mara mbili. Alisikia haya, alisikia kiu, na zaidi ya yote alisikia ufupi wa ile njia. Ilikuwa fupi sana. Shangazi mwenye mguu mbaya aliimaliza kwenye mvua.

Langoni kwa marehemu mama mkwe wake alisimama. Kisha akafanya kama wanavyofanya watu wao wanapoingia kwenye boma lenye msiba: aliinua sauti, akalia, akalitaja jina la mama yule, na kwenda moja kwa moja kwenye kaburi lake upande wa kushoto wa nyumba. Watoto walitoka jikoni wakashangaa. Mmoja alianza kucheka, akafinywa na mwenzake. Boma hilo lilikuwa limemaliza kulia zamani, na kilio cha Osewe kilitoka peke yake bila wa kukiitikia. Hakukinyamazisha.

Dalmas alikuja kutoka shambani na jembe mkononi. Alimwacha alie mpaka alipomaliza, kisha akaleta viti viwili vya plastiki na kikombe cha maji, wakaketi.

"Vincent aliniambia umenunua gari," Dalmas alisema.

"Iko kule chini, kwa kona."

"Imekwama?"

"Hapana."

Dalmas alivitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi, akalitazama kaburi. Halafu akatoa simu mfukoni. "Shemeji, wacha nimpigie Christine. Lazima ajue umefika."

Osewe alimshika mkono. "Usimpigie. Atadhani nimekuja kwa sababu ya dala."

"Na si hiyo?"

"Ingekuwa hiyo, ningekuja na gari mpaka hapa."

Dalmas aliishikilia simu bado, kidole juu ya jina la dada yake, akingoja kama mwenzake atabadilisha mawazo. Osewe alikunywa maji yote, akarudisha kikombe. Simu ikarudi mfukoni, na Christine hajaambiwa mpaka leo.